Kinyozi na Sikio la Mkewe

Siku hizi ukitaka kunyolewa unaingia kwenye chumba chenye taa za rangi na muziki unaotikisa kioo. Kijana mwenye vipokea sauti masikioni anakupitishia mashine kichwani, jicho moja kwako na jingine kwenye simu. Hakuulizi habari za nyumbani. Hajui kama una kovu kisogoni. Akimaliza anakupulizia dawa inayowasha, anakupiga bega kama mtu anayefukuza vumbi, na anamwita anayefuata. Sisemi hawajui kazi. Nywele zinakatika. Ninachosema ni kwamba mtu huingia amekunja uso na kutoka na uso ule ule, na zamani haikuwa hivyo.

Rafiki yangu alikuwa kinyozi wa wembe. Wateja walimwita Taulo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila taulo begani, hata msibani. Mkewe alidai kwamba siku ya harusi yao ilibidi ndugu wawili wamshike ndipo wa tatu alivue. Duka lake lilipakana na kibanda changu cha kutengeneza saa. Ukuta wa mbao uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya, mimi ndiye niliyeambiwa pole. Alikuwa na kiti kimoja cha chuma, chenye mto wa ngozi uliopasuka na kushonwa na kupasuka tena. Alikuwa na kioo kilichoota madoa meusi pembeni, birika juu ya jiko la umeme, ukanda wa ngozi wa kunolea uliotundikwa msumarini, na benchi ambalo nusu ya waliolikalia hawakuja kunyoa. Walikuja kusikia nani amekufa na nani ameoa, na ni yupi kati yao ana heri zaidi.

Kazi yake ilianzia masikioni. Ukishafunikwa shuka alikulaza kichwa nyuma, akakuwekea taulo la moto usoni, kisha akashika masikio yote mawili. Hakuyavuta. Aliyaminya taratibu, kidole gumba kwa nyuma na cha shahada kwa mbele. Alianza na ndewe, akapanda ukingoni, mpaka kwenye kile kibonde cha juu kilicho kama kijiko kidogo. Hapo akatulia na kubonyeza. Ulisikia joto likishuka shingoni. Halafu mabega, ambayo hukujua kuwa yalikuwa yamepanda, yakashuka yenyewe. Nimeona wachukuzi wa mizigo, watu wenye migongo kama milango, mikono yao ikiteleza kutoka mapajani na kuning'inia kama nguo kwenye kamba. Mmoja aliachia funguo alizozifumbata tangu anaingia, zikaanguka sakafuni, akazinduka akiapa kuwa ameporwa.

Usidhani alifanya hivyo kwa huruma. Ilikuwa sheria ya kazi. Mzee aliyemfundisha alimweka muda mrefu pasipo kumpa wembe, akishika taulo na masikio tu, mpaka wenzake wakamcheka kwamba amekwenda kujifunza kunyoa masikio. Yule mzee alikuwa na neno moja: wembe hauwekwi kwenye shingo inayokukatalia. Shingo iliyokaza husukuma. Mteja akimeza mate, koo linapanda, na wembe uko hapo hapo. Kwa hiyo unabonyeza sikio na unangoja, na macho yako hayatazami sikio. Yanatazama ule msuli unaotoka nyuma ya sikio na kushuka hadi kwenye mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Ukiona umelala, ndipo unaanza. Taulo aliifuata sheria hiyo mpaka ikaacha kuwa sheria, ikawa mkono wake. Hata tulipokutana na mtu barabarani aliyefura kwa hasira, niliona kidole gumba cha Taulo kikicheza ubavuni, chenyewe, kama cha mtu anayehesabu tasbihi.

Sikio lina uhusiano gani na bega? Hakujua, wala hakujifanya kujua. Mimi ndiye niliyekuwa na kiherehere cha kusoma. Kwenye jarida kuukuu nililolinunua pamoja na rundo la karatasi za kufungia vipuri, nilikuta mchoro wa sikio ambalo ndani yake amechorwa mtoto mchanga aliyepinduka kama alivyo tumboni, kichwa kwenye ndewe na miguu juu. Kila sehemu ya sikio, walioandika walidai, ina kiungo chake mwilini, na ukiibonyeza, misuli ya kiungo hicho husikia. Chini yake mtaalamu mwingine aliandika kwamba hayo hayajathibitishwa na kwamba watu waache kuota. Nilimsomea Taulo yote mawili, akicheka na kutikisa povu la sabuni. Akasema kumbe maisha yake yote, akidhani anawashika watu masikio, alikuwa anawashika magoti.

Kisha zikaja zile taa za rangi. Wateja wake hawakugombana naye. Walipungua tu, mmoja mmoja, kama nywele zinavyopungua, unashtukia kipara. Waliobaki ni sisi wazee, na sisi tulikuwa na tabia mbaya ya kufa. Tulimtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Alijibu kwamba yeye haoni tabu, maana maiti hatikisiki.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Mimi nilimwita shemeji, yeye akaniita Saa Mbovu. Asubuhi moja akiwa kwenye cherehani, mguu wake wa kushoto ulisimama. Aliutazama, akaukemea kama anavyokemewa mtoto mtukutu, kisha akateleza pembeni ya kiti. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa na ngumi ya kushoto iliyofumba isifumbuke na mguu wa kushoto uliokakamaa kama ubao. Ulimi ulisalimika. Taulo alisema Mungu anajua anachokiogopa.

Wana binti mmoja, mfanyakazi wa ofisini katika mji ulio mwendo wa basi wa kutwa nzima. Alikuja, akalia, akaosha nyumba, akalala sakafuni kando ya mama yake. Sitaki mtu aseme nimemchafua, maana hakuwa mtoto mbaya. Lakini ni mtoto wa siku hizi, na watoto wa siku hizi wakikupenda wanakuhamisha. Alimkalisha baba yake na kumweleza kwamba hawezi kuishi hivi, kwamba kila simu ikilia kazini moyo unamruka. Nyumba yake ina chumba cha ziada na choo cha ndani, na angeajiri mtu wa kumhudumia mama. Baba naye angekaribishwa. Walibishana siku nzima, na mwisho wakapatana hivi: binti angerudi mwisho wa mwezi unaofuata. Akimkuta mama yake anaweza kunyanyuka kitini mwenyewe, akavuka ukumbi mpaka mlango wa choo na kurudi pasipo kushikwa, atamwacha. Asipoweza, ataondoka naye.

Shemeji alikuwa kitandani chumba cha pili, na hakuna aliyefikiri anasikiliza.

"Kabati ndilo linalohamishwa bila kuulizwa," akasema kwa sauti. "Mimi sijawa kabati bado."

Kwake hilo halikuwa jambo la choo. Katika nyumba ile alikuwa fundi. Hata akiwa amekaa, wanawake walileta vitambaa awaambie wakate wapi, wakamsimulia ya mitaani, naye akawarekebisha nguo na ndoa. Kwa binti yake angekuwa mgeni wa kudumu. Aliniambia waziwazi: kule nitakaa nitazame ukuta uliopakwa rangi nzuri. Basi akaamua kutembea.

Aliyemfundisha alikuwa msichana wa kliniki ya mazoezi ya viungo. Nilikuwa tayari kumdharau. Alikuwa na umri wa wale vijana wa mashine, na simu yake ilikuwa mfukoni ikitetemeka muda wote. Lakini hakuitoa. Alipiga magoti sakafuni, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akaukunja na kuukunjua, akaongea nao. Nimepelekwa kwa madaktari wengi tangu nizeeke, na wengi wao huchunguza kioo cha kompyuta huku mimi nikiwa nimekaa hapo kama mzigo uliosahauliwa stendi. Huyu alishika. Nikanyamaza.

Aliwaeleza kwamba goti la mgonjwa halina nguvu tena, lakini lina ugumu, na ugumu huo, japo unaonekana ni adui, ndio utakaombeba. Akijikaza, mguu unakuwa gongo, na juu ya gongo mtu anaweza kusimama. Shemeji alielewa mara moja. Alisema amembeba mume kwa ugumu maisha yake yote, mguu hautamshinda.

Nyumbani, Taulo alikuwa na vita vyake. Ile ngumi ilimtesa. Kucha za mkewe zilikuwa zinajichimbia kiganjani, na ngozi ya ndani ilianza kunuka, maana hakuna aliyeweza kuifumbua kuiosha pasipo yeye kulia. Jioni moja, akimfuta uso kwa taulo la moto, mikono ikafanya ilichozoea. Alimshika sikio la kushoto, akabonyeza na kungoja. Kwanza bega likashuka. Halafu kiwiko kikaacha kujibana ubavuni. Kisha vile vidole vikaanza kuachia, kwa uvivu, kidogo kidogo, kama duka linalofunguliwa asubuhi na mtu aliyekesha. Akamuosha kiganja. Akamkata kucha. Mkewe alimtazama muda wote huo kisha akamwambia kwamba masikio yote ya wanaume wa mjini yameshapata, na lake lilikuwa linangoja augue.

Nilipomwona Taulo kesho yake alikuwa amenyooka mgongo. Ilikuwa muda mrefu hajahitajiwa na mtu.

Walimweleza yule msichana. Nilidhani atacheka au atakasirika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kliniki yao ilikuwa na kimashine cha kupima misuli inavyofanya kazi: vibandiko vinabandikwa juu ya ngozi, waya unaingia kwenye kisanduku, na msuli ukijikaza, mstari kwenye kioo unaruka na kisanduku kinalia. Alimbandika shemeji mkononi, juu ya ule msuli unaofumba ngumi. Kisanduku kikawa kinalia kama kifaranga.

"Sasa mmenigeuza redio," akasema shemeji.

Taulo akabonyeza. Mlio ukapungua, ukawa wa mbali mbali, mstari ukalala. Alitugeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Lakini msichana akamwomba abonyeze mahali pengine, chini kwenye ndewe. Mlio ukapungua pia, si sana, lakini ukapungua. Akamwomba aweke tu mkono shavuni, asibonyeze kitu. Ukapungua kidogo. Basi akakuna paji la uso. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yote, kwa kuwa ni nadra siku hizi kumsikia msomi akisema hajui. Alisema kuna kinachotokea, amekiona, wala hatasema ni uongo. Ila hajui ni sikio, au ni mkono wa mume, au ni mtu kutulizwa tu. Na asichokijua zaidi ni kinakomea wapi.

"Baba, sikio si swichi ya taa moja," akasema. "Ukilegeza mkono, sijui ni nini kingine umelegeza. Mbonyeze akiwa amelala. Akitaka kusimama, usimguse."

Taulo akaitikia. Aliitikia kwa dhati, naweza kuapa. Tangu hapo alimbonyeza jioni tu, amelala, na asubuhi alikaa mbali.

Alikaa mbali hasa. Mazoezi ya kusimama hayakuwa mazuri kuyatazama. Shemeji alianza kwa kujikusanya. Alishika mkono wa kiti kwa mkono mzima, akauma meno. Shingo ikatoa kamba, ngumi ikapanda kifuani, mguu wa kushoto ukatetemeka kisha ukakakamaa, na uso ukawa wa mtu anayegombana na mlango uliokwama. Ndipo akanyanyuka. Mimi niliwahi kuona, nikapiga makofi. Taulo alikuwa akitoka nje kila mara. Aliniambia kwamba akimwona vile anasikia kiu ya vidole, ni kama kumwona mtu akinyolewa akiwa amefungwa kamba. Nikamcheka. Nikamwambia wewe kalale dukani, mwache mwenzio agombane.

Naye mwenzie alikuwa anashinda. Alinyanyuka. Akapiga hatua akiuzungusha mguu kama mlango wa geti, akafika mezani. Baadaye akafika mlangoni. Wiki ya mwisho alikwenda chooni na kurudi, Taulo akiwa uani akisikiliza kishindo cha ule mguu sakafuni, na aliporudi ndani alimkuta mkewe amekaa, jasho linamtiririka, anacheka.

Binti alifika siku aliyosema, mchana, kwa gari la kukodi. Lile gari halikuzimwa sawasawa, dereva alikaa humo humo mlango wazi. Shemeji alikuwa amevaa nguo aliyoishona zamani kwa ajili ya sherehe fulani, na alikuwa ametuamuru tukae kama watu wa heshima, tusimtolee macho. Msichana wa kliniki aliahidi kuja lakini wagonjwa walimzidi. Binti aliketi mkabala, mkoba mapajani. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha cherehani. Na Taulo, kwa sababu ukumbi ulikuwa mdogo na viti vimekwisha, alisimama nyuma ya kiti cha mkewe.

Ukitaka kujua kosa lilikuwa wapi, lilikuwa hapo. Maisha yake yote alisimama nyuma ya kiti.

Shemeji akaanza kujikusanya. Siku hiyo ilimchukua muda zaidi, maana hofu nayo ilikuwa imekaa naye. Taya likakaza. Ule msuli wa kutoka sikioni hadi kwenye mtulinga ukasimama kama kamba ya hema. Mguu ukatetemeka, ukaanza kukakamaa. Binti akajiinamisha mbele, akaniangalia mimi, kisha akaangalia chini. Na Taulo, kutoka juu, kutoka mahali pale pale alipotazamia shingo za mji mzima, akaiona shingo inayokataa.

Sidhani aliamua. Nilikuwa nikimtazama, na uso wake ulikuwa kwenye ile shingo kama uso wa mtu anayesoma. Mkono ulishuka. Kidole gumba nyuma, cha shahada mbele, kile kibonde cha juu. Akabonyeza.

Shemeji akashusha pumzi ndefu. Mabega yakashuka. Uso ukafunguka, akawa mzuri, akawa yule msichana wa kwenye picha yao ya ukutani, na binti akatabasamu akidhani ni mapenzi, na labda hata yalikuwa mapenzi. Ngumi ikaachia juu ya paja. Lakini mwili ulikuwa umeshaanza safari. Mkono wa kulia ulikuwa umeshasukuma. Akanyanyuka, akasimama kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na goti la kushoto likajikunja kama karatasi iliyolowa.

Aliangukia ubavu. Sote tulisikia mfupa. Taulo alibaki amesimama, mikono juu, mahali kilipokuwa kichwa.

Tulipomwinamia hakuwa analia. Alikuwa akimtazama mumewe, na alimuuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Nilikuwa nimejishika. Kwa nini umeniachisha?"

Nyonga ilivunjika. Walimpasua, wakaweka chuma, na daktari akasema kwa upande ule na umri ule asahau kutembea. Msichana wa kliniki alikuja wodini, akamvuta Taulo kando kwenye korido. Alimwambia kwamba mguu wa namna ile unaweza kusaliti kwa sababu yoyote: woga, uchovu, jasho chini ya unyayo. Kimashine chake kilipima mkono, hakikuwahi kupima mguu. Asingeweza kuapa mbele ya mtu kwamba ni sikio. Aliyasema kwa wema, na nadhani yalikuwa kweli.

"Mwanangu, wewe hukuwa na kidole hapo," Taulo akamjibu.

Mazoea yana tabu, walisema wahenga, na walisema kidogo mno. Ule mkono ulichukua miaka kutengenezwa. Mzee mmoja aliupoteza ujana wa mtu mwingine kuutengeneza, na leo hakuna anayeweza kuutengeneza tena, wala hakuna anayeutaka. Halafu siku moja katika maisha yake unapowekwa mahali ambapo ilifaa uwe mkono wa mjinga, mkono usiojua kitu, unafanya kazi yake barabara. Ninayemlaumu simwoni. Ningempata ningefurahi.

Binti alimchukua mama yake kama walivyopatana. Hakupandisha sauti kwa baba yake hata mara moja, na labda angepandisha ingekuwa nafuu. Taulo alifuata. Kiti chake cha chuma kilinunuliwa na duka moja la taa za rangi, lakini si kwa kunyolea. Wamekiweka karibu na mlango, vijana wanakaa hapo wanapigana picha. Dukani kwake sasa wanauza vifuniko vya simu.

Niliwatembelea mara moja. Nyumba ni nzuri, sina la kusema. Sakafu ya vigae, mapazia, runinga kubwa kama mlango. Shemeji alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, na ile ngumi imefumba, wameichomeka kitambaa kilichoviringwa ili kucha zisichimbe. Taulo alikuwa kwenye kochi la upande wa pili, begani hana kitu, mikono ameikalia. Nilidhani anasikia baridi. Tulizungumza kama watu walioko kwenye foleni. Shemeji aliniuliza Saa Mbovu bado unapotosha watu, nikacheka zaidi ya ilivyostahili.

Mama aliyeajiriwa kumhudumia alipokwenda kuchemsha chai, na Taulo akaenda kufunga geti nililoliacha wazi, nilimuuliza shemeji kama mumewe bado humfumbua mkono jioni. Akatikisa kichwa. Alisema binti yao aliomba tu, mara moja, kwa adabu, kwamba baba asimguse mama mpaka mtaalamu wa huko aseme, na mtaalamu wa huko ana watu wengi, hajasema. Lakini si hilo. Siku moja, wawili peke yao, alimwita. Alimgeuzia kichwa, akamwonyesha sikio. Mumewe alisimama, akakaribia mpaka akasikia pumzi yake. Kisha akatoka chumbani, akaenda kukaa bafuni.

"Nilitaka tu kuoshwa mkono," akasema. "Sikutaka kusimama. Nitasimama niende wapi?"

Taulo akarudi, akaikalia tena mikono.

Jioni binti alirudi kutoka kazini. Alinisalimia kwa heshima, shikamoo baba, akauliza safari. Akambusu mama yake. Kisha, akivua saa mkononi, akamuuliza yule mhudumu mambo ya siku: amekula, amekunywa dawa, amegeuzwa. Na mwishoni, kwa sauti ile ile, na baba yake yuko pale pale kwenye kochi, akauliza kama baba amemgusa.

Taulo ndiye aliyejibu.

"Sijamgusa, mwanangu."

"Hajanigusa," akasema shemeji kutoka dirishani, bila kugeuka. "Hata nikifa mtakuta hajanigusa."

Binti akacheka kidogo, kama tulivyozoea sote kuucheka ulimi wa mama yake, akaenda chumbani kuvua viatu.